Somo la Kusoma na Hesabu: Deni la Serikali Hulipwa na Nani?



Kila duka la kijijini lina daftari moja ambalo halionyeshwi wageni. Ni daftari la madeni. Ndani yake mmeandikwa: fulani, sukari kilo 1, fulani, mafuta ya taa chupa 2, fulani, sabuni, atalipa akiuza pamba. Zamani wengi wetu tulimwachia mwenye duka aandike peke yake. Akisema unadaiwa shilingi 40, basi ni 40. Tulipojua kusoma, jambo la kwanza ambalo wengi walifanya ni kuomba kuliona jina lao katika daftari lile. Wapo waliokuta hesabu ni sawa. Wapo waliokuta sabuni moja imeandikwa mara mbili.

Serikali nayo ina daftari la madeni. Ni kubwa zaidi, tena lina maneno magumu, lakini ni daftari tu. Leo tulifungue. Mfano wetu ni Tanzania, kwa sababu mambo haya yametokea hapa, na wazee wengi wanayakumbuka.

SERIKALI HUKOPA KWA NINI?

Serikali haina shamba la kulima. Fedha zake nyingi hutoka katika kodi. Ukinunua kiberiti, soda au dizeli, ndani ya bei mna kodi. Mfanyakazi hukatwa kodi katika mshahara. Kampuni hulipa kodi ya faida. Fedha hizi ndizo zinazolipa walimu, zinazonunua dawa na kutengeneza barabara. Mapato yakiwa machache kuliko matumizi, linabaki pengo. Pengo hilo huzibwa kwa mkopo.

Mkopo uko wa aina mbili. Uko mkopo wa ndani: Serikali hukopa kwa mabenki, mifuko ya pensheni na watu wa humu humu nchini. Uko na mkopo wa nje: Serikali hukopa Benki ya Dunia, Shirika la Fedha la Kimataifa, Serikali za nchi nyingine na mabenki ya nje. Mkopo wa nje hulipwa kwa fedha za kigeni, hasa dola ya Marekani. Shikeni sana jambo hili la dola, tutalirudia.

Kukopa peke yake si kosa. Mkulima anayekopa mbolea akavuna magunia 20 badala ya 8 hakupoteza. Miaka ya 1970 hadi 1975 Tanzania na Zambia zilijengewa reli ya TAZARA, kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, kwa mkopo wa China usiokuwa na riba. Riba ni ile nyongeza unayomlipa mtu kwa sababu amekukopesha. Reli ile imepata taabu nyingi, lakini ipo, na watu wameipanda kwa miaka mingi.

Uko mkopo wa namna nyingine. Miaka ya mwanzo ya 2000 Tanzania ilinunua rada ya kuongozea ndege kutoka kampuni ya Kiingereza ya BAE Systems, kwa pauni milioni 28, fedha za mkopo. Benki ya Dunia ilisema bei hiyo ni kubwa mno kwa mahitaji ya nchi. Mwaka 2010 kampuni hiyo ilikiri mbele ya mahakama ya Uingereza kwamba haikuandika sawasawa hesabu za biashara hiyo. Ikakubali kutoa pauni milioni 29 na nusu kwa faida ya wananchi wa Tanzania. Fedha hizo zilinunua vitabu na madawati ya shule za msingi. Kwa hiyo yawezekana mtoto wako ameketi juu ya dawati lililotoka katika deni la rada. Mambo ya dunia hayo.

DENI LINAKUA HUKU HUJAKOPA TENA

Miaka ya 1970 ilianza kwa matumaini, ikaisha kwa shida. Mwaka 1973 bei ya mafuta ilipanda ghafla duniani. Mwaka huo na uliofuata mvua zilikuwa haba, tukanunua chakula nje. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, ikabidi tuanzishe reli, posta na ndege za kwetu peke yetu. Mwaka 1978 Idi Amin aliivamia Kagera, tukapigana vita mpaka 1979. Mwaka 1979 huo huo mafuta yakapanda tena.

Kumbe na bei za mazao yetu hazikwenda sawa na bei za vitu tunavyonunua. Mwalimu Nyerere alizoea kutoa mfano wa trekta. Mwaka 1965 trekta moja lilinunuliwa kwa thamani ya tani 17 na robo za katani. Mwaka 1972 trekta la aina ile ile lilihitaji zaidi ya mara mbili ya katani hiyo. Katani ni ile ile, jasho ni lile lile, trekta ni lile lile.

Baada ya vita Mwalimu aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Waliokuwa watu wazima wakati ule wanajua kwamba miezi 18 ilipita na mikanda ikazidi kukazwa. Sabuni, sukari, khanga, vipuri vya magari, vyote vikawa shida. Serikali na Shirika la Fedha la Kimataifa walibishana miaka kadhaa. Shirika lilitaka thamani ya shilingi ishushwe na matumizi yapunguzwe ndipo litoe mkopo mpya. Mwalimu alikataa. Mwaka 1985 aling'atuka, akashika Rais Ali Hassan Mwinyi. Mwaka 1986 makubaliano yakatiwa sahihi.

Hebu sasa tutazame lile jambo la dola. Tuseme nchi inadaiwa dola 100 tu. Mwaka 1985 dola moja ilikuwa kama shilingi 17. Kwa hiyo deni ni Sh. 1,700/=. Mwisho wa mwaka 1986 dola moja ilipita shilingi 50. Deni sasa limepita Sh. 5,000/=. Mwaka 1990 dola ilikuwa kama shilingi 195. Deni limefika Sh. 19,500/=. Na bado ni dola 100 zile zile! Hakuna aliyekwenda kukopa tena. Mwaka 2024 dola ilipita shilingi 2,600. Piga hesabu mwenyewe.

Waliotetea jambo hili walisema shilingi ikishuka, mkulima wa kahawa na pamba atapata shilingi nyingi zaidi kwa zao lake. Hilo lina ukweli wake, na wako wakulima waliopata. Maduka nayo yalijaa bidhaa tena. Lakini mbolea na dawa za pamba nazo zilinunuliwa kwa dola, na bei zake zikapanda vile vile. Mkulima akashika noti nyingi mkononi, akifika dukani zinakwisha.

NINI KILIKATWA?

Mtu mwenye deni ana njia mbili. Aongeze mapato, au apunguze matumizi. Serikali ilipobanwa ilianza na njia ya pili, kwa sababu ni ya haraka. Kuongeza mapato kunataka muda na ubishi na wakubwa. Kukata kunataka kalamu.

Miaka ya mwanzo ya 1990 makumi ya maelfu ya wafanyakazi wa Serikali walipunguzwa kazini. Mwaka 1993 hospitali za Serikali zilianza kutoza malipo. Wakaita kuchangia gharama. Shule ya msingi, ambayo ada yake ilifutwa mwaka 1973, ikarudi kuwa na ada na michango. Ada, dawati, mlinzi, mtihani, sare. Mzazi mwenye watoto wanne wa umri wa shule alikaa usiku na mkewe wakachagua nani aende na nani abaki.

Matokeo yake yako katika tarakimu. Tuzisome polepole. Mwaka 2000, katika kila watoto 100 wa umri wa shule ya msingi, 59 tu ndio waliokuwa shuleni. Watoto 41 hawakuwamo.

Na sisi watu wa kisomo cha watu wazima je? Mwaka 1970 Serikali ilitangaza mwaka wa elimu ya watu wazima. Tuliketi chini ya miembe, makanisani, misikitini, majumba ya CCM na TANU kabla yake, taa ya chemli ikipita mkono hadi mkono. Mwaka 1986 ilihesabiwa kwamba katika watu wazima 100, 90 wanajua kusoma na kuandika. Nchi chache sana za Afrika ziliweza hivyo. Sensa ya mwaka 2002 ilikuta ni 69 hivi. Kipimo cha sensa si kile kile kilichotumika 1986, hilo lisemwe wazi. Lakini watu 21 katika kila 100 hawapotei kwa kipimo peke yake. Wazee walisahau kwa kukosa cha kusoma, na vijana waliokosa shule ya miaka ile wakawa watu wazima.

Kwa hiyo ukiulizwa deni la miaka ya 1980 lililipwa na nani, usiseme Hazina. Sehemu yake ililipwa na wale watoto 41.

Tusiache upande wa pili wa habari hii. Novemba 2001 Tanzania ilitimiza masharti ya mpango wa kuzisamehe nchi maskini zenye madeni makubwa. Ilipata nafuu ya malipo yapatayo dola bilioni 3, ambayo ingeonekana polepole katika miaka iliyofuata. Mwaka 2006 ukafuata msamaha mwingine. Serikali ya Rais Benjamin Mkapa ilifuta ada ya shule ya msingi mwaka 2001. Mlango ulipofunguliwa, watoto walimiminika kama maji. Wanafunzi walikuwa kama milioni 4.4 mwaka 2000. Mwaka 2007 walikuwa zaidi ya milioni 8. Katika watoto 100, sasa 97 walikuwa shuleni. Madarasa yalijaa kupita kiasi, walimu hawakutosha, na wengi walikaa sakafuni. Lakini walikuwamo.

UPANDE WA MAPATO

Sasa turudi kwenye ile njia ya kwanza, kuongeza mapato. Hapa ndipo panapotaka macho makali.

Wazee mnaikumbuka kodi ya maendeleo. Ilirudishwa mwaka 1984. Ilimhusu kila mtu mzima, awe na kitu au hana. Ilipofika zamu ya kijiji, mgambo waliingia alfajiri. Wanaume walikimbilia porini. Waliokamatwa walifungwa kamba wakapelekwa ofisi ya kata, na pengine kuku au baiskeli ilichukuliwa. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 2003. Wengi wetu tunafikiri kukwepa kodi ni huko kukimbilia porini. La, ndugu. Huko ni kukwepa kwa maskini, na hukamatwa. Kuna kukwepa kwa namna nyingine, ambako mtu hatoki jasho. Hukaa kwenye kiti ofisini, akajificha ndani ya karatasi.

Tuseme kijiji chenu kina sheria ndogo. Kila mwenye mashine ya kusaga atatoa asilimia 30 ya faida yake kwa ajili ya zahanati. Angalieni: ni ya faida, si ya mapato yote. Faida ni kile kinachobaki baada ya kutoa gharama. Mwenye mashine amepata Sh. 500,000/= kwa mwezi. Dizeli, vipuri na mshahara wa kijana ni Sh. 300,000/=. Faida ni Sh. 200,000/=. Asilimia 30 yake ni Sh. 60,000/=. Zahanati itapata Sh. 60,000/=.

Lakini bwana huyu ana duka jingine ng'ambo ya mto, katika kijiji ambacho hakitozi mchango wowote. Anakuja na daftari lake. Anasema: "Mwenyekiti, mashine hii niliinunua kwa mkopo. Mwezi huu nimelipa riba Sh. 120,000/=." Nani amekukopesha? "Duka la ng'ambo." Anaendelea: "Nimelipa pia Sh. 60,000/= za ushauri wa namna ya kuendesha mashine." Umemlipa nani? "Duka la ng'ambo." "Na Sh. 20,000/= ni za kutumia jina lililoandikwa mlangoni." Jina ni la nani? "La duka la ng'ambo." Jumlisheni: 120,000 na 60,000 na 20,000 ni 200,000. Faida imekuwa sifuri. Asilimia 30 ya sifuri ni sifuri. Zahanati haipati kitu, na yeye hana deni na mtu. Fedha zimetoka mfuko wa kulia zikaingia mfuko wa kushoto.

Mama mmoja katika darasa atainua mkono. "Mwalimu, si huyu mwizi tu?"

Si mara zote, mama. Kama mkopo haukuwapo na karatasi ni ya uongo, huo ni wizi wa kodi, na sheria inamtambua mwizi huyo. Lakini kama mkopo umeandikwa na sheria ndogo yenu haikukataza, hakuvunja sheria. Amepita kwenye mwanya. Ng'ombe akila mahindi yako kwa kupita mahali ulipoacha boma wazi, utamchapa ng'ombe, lakini boma ni kazi yako kulifunga. Ndiyo maana sheria ya kodi ya Tanzania sasa inaweka mpaka: kampuni inayomilikiwa na watu wa nje ikijaza mikopo kupita sehemu 7 kwa kila sehemu 3 za mtaji wake, riba ya ziada haikubaliki kuwa gharama. Maafisa wa kodi pia wanaruhusiwa kuuliza: bei hii mliyouziana ninyi kwa ninyi, ndiyo bei ya sokoni?

DHAHABU NA PAMBA

Hadithi ya mashine ni mfano. Haya yanayofuata ni ya kweli.

Sheria ya madini ya mwaka 1998 ilifungua mlango kwa kampuni kubwa za nje. Migodi ikafunguliwa kanda ya Ziwa na Nzega: Golden Pride, Geita, Bulyanhulu, North Mara, Buzwagi. Mrabaha wa dhahabu uliwekwa asilimia 3. Mrabaha ni sehemu ambayo mchimbaji humlipa mwenye mali, yaani Taifa, kwa kila anachouza. Mwaka 2010 ukapandishwa kuwa asilimia 4, na mwaka 2017 asilimia 6.

Wakati huo huo, mkulima wa pamba wa kanda hiyo hiyo ya Ziwa alikuwa akitozwa nini? Kwa miaka mingi mpaka 2017, halmashauri za wilaya ziliruhusiwa kutoza ushuru wa mazao mpaka asilimia 5 ya bei. Sheria inasema mlipaji ni mnunuzi. Lakini mnunuzi si mjinga, hushusha bei ya kilo, na mkulima ndiye anayelipa.

Pigeni hesabu hii pamoja nami. Pamba ya Sh. 600,000/= kwa asilimia 5 inatoa Sh. 30,000/=. Dhahabu ya Sh. 600,000/= kwa asilimia 3 inatoa Sh. 18,000/=. Na ushuru wa mazao hauulizi kama umepata faida. Kama mbegu, dawa na vibarua vilikugharimu Sh. 640,000/=, umeshapata hasara ya Sh. 40,000/=, na ushuru unakatwa juu ya hasara. Kampuni ikionyesha hasara, kodi yake ya faida ni sifuri. Na migodi kadhaa ilionyesha hasara mwaka baada ya mwaka.

Kusema kweli, kujenga mgodi kunakula fedha nyingi, na hasara ya miaka ya mwanzo yaweza kuwa ya haki. Tena kampuni hizo zilipeleka Serikalini kodi ya mishahara ya wafanyakazi wao, ingawa hiyo ni fedha ya wafanyakazi. Swali ni pale hasara isipokwisha. Kampuni ya African Barrick Gold, ambayo baadaye iliitwa Acacia, iliandikishwa London na migodi yake ilikuwa Tanzania. Kati ya 2010 na 2013 iligawa gawio kwa wenye hisa, yaani iliwagawia wenye kampuni fedha ya faida, huku Tanzania ikiambiwa migodi haina faida ya kutozwa kodi. Mwaka 2016 Baraza la Rufani za Kodi liliamua kwamba kampuni hiyo inadaiwa zaidi ya dola milioni 40. Kampuni ilikataa lawama hiyo.

Machi 2017 Serikali ya Rais John Magufuli ilizuia makinikia, yaani mchanga wenye dhahabu na shaba, usipelekwe nje. Julai mwaka huo kampuni ilipewa hati ya kodi ya dola bilioni 190. Hapa naomba niseme la moyoni. Pato lote la Taifa la mwaka mzima halikufika theluthi moja ya fedha hizo. Deni la namna hiyo halina wa kulilipa, na wanakijiji waliotangaziwa wakaanza kugawana mamilioni vilabuni walidanganyika. Mwaka 2020 Barrick na Serikali walitia sahihi mapatano: dola milioni 300 zilipwe, na Serikali ipate asilimia 16 ya hisa katika kampuni mpya ya Twiga Minerals. Milioni 300 ni kidogo sana mbele ya bilioni 190. Lakini ni kubwa sana mbele ya sifuri.

Uko mwanya mwingine ambao Serikali yenyewe huufungua kwa mkono wake. Ni msamaha wa kodi. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alionyesha kwamba katika mwaka wa fedha 2011/12 kodi iliyosamehewa ilikuwa Sh. trilioni 1.8. Trilioni ni nini? Ni milioni mara milioni: andika 1, halafu sifuri 12. Sensa ya 2012 ilikuta watu kama milioni 45. Gawanyeni. Ni Sh. 40,000/= kwa kila mtu, pamoja na mtoto aliyezaliwa jana. Baadhi ya misamaha ni mizuri, kama ya dawa na ya misaada ya hospitali. Mingine ilitolewa kwa wenye uwezo wa kulipa.

Jambo hili si la Tanzania peke yake. Mwaka 2015 jopo lililoongozwa na Thabo Mbeki, aliyekuwa Rais wa Afrika Kusini, lilisema Afrika inapoteza zaidi ya dola bilioni 50 kila mwaka kwa fedha zinazotoroshwa. Sehemu kubwa hutoka katika biashara za kampuni kubwa, si katika mabegi ya wala rushwa kama tunavyodhani.

DAFTARI LA LEO

Katika mwaka 2025 deni la Serikali ya Tanzania lilipita Sh. trilioni 100. Sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 61.7. Ukigawanya, kila mtu ni zaidi ya Sh. 1,600,000/=. Msitishike. Hakuna atakayebisha hodi kudai fedha hizo. Wataalamu wa Serikali husema deni hili linahimilika, maana uchumi nao umekua. Wengine bungeni na magazetini husema kasi yake inatia hofu. Deni linalipwa kila mwaka kidogo kidogo, na kila shilingi inayokwenda kulipa riba ni shilingi isiyokwenda kwenye zahanati. Kwa hiyo swali la kuuliza si "ni kubwa kiasi gani" tu. Uliza: zimejenga nini? Zinalipwa lini, kwa fedha gani? Na pengo lile lilitokana na nani kutolipa?

Kila mwaka mwezi wa Juni, Waziri wa Fedha husoma bajeti bungeni, na redio huitangaza. Keti na karatasi na kalamu. Andika tarakimu tatu tu: mapato ya ndani ni kiasi gani, mkopo ni kiasi gani, na malipo ya deni ni kiasi gani. Mwaka ujao andika tena, ulinganishe.

Na hapa kijijini, Mkutano Mkuu wa Kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi husomwa hapo. Yakisomwa harakaharaka, inua mkono useme, "Mwenyekiti, samahani, rudia pale." Ukitoa ushuru, dai stakabadhi, uisome kabla ya kuikunja. Kiasi kilichoandikwa kiwe sawa na kiasi ulichotoa.

MASWALI YA DARASANI

1. Nchi inadaiwa dola 200. Dola moja ni shilingi 17. Deni ni shilingi ngapi? Dola ikiwa shilingi 195, deni litakuwa shilingi ngapi?

2. Mkulima ameuza pamba ya Sh. 900,000/=. Ushuru ni asilimia 3. Atakatwa kiasi gani? Ungekuwa asilimia 5 je?

3. Mwenye mashine ya kusaga ameonyesha faida sifuri. Mkiwa Halmashauri ya Kijiji, mngeandika sheria ndogo gani ili zahanati ipate haki yake, na mashine isifungwe? Jadilianeni, mwandike jibu kwa sentensi tatu.

4. Waulizeni wazee wawili wa kijiji: katika miaka ya 1990, ni mtoto gani wa ukoo wao aliyebaki nyumbani kwa kukosa ada? Leo yuko wapi, na anajua kusoma? Kama hajui, darasa letu ni Jumatatu na Alhamisi, saa kumi alasiri.